Je, wajua kwa nini ukimfokea mhudumu, shida yako huchelewa zaidi?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la huduma kwa wateja la kampuni ya simu, Kariakoo. Joto la saa saba mchana, feni moja, watu wamejaa hadi mlangoni. Kwenye kaunta alisimama baba mmoja aliyekuwa ametuma kimakosa shilingi 180,000 kwa namba asiyoijua. Akapiga kioo kwa kiganja. "Nyie ni wezi! Nirudishieni hela yangu sasa hivi!"

Dada wa upande wa pili akaanza kuingiza namba ya muamala. Akakosea. Akafuta, akaandika upya, akakosea tena herufi ileile. Kidole chake kilikuwa kinatetemeka juu ya kibodi.

"Hata kuandika hujui?" baba akafoka.

Kuandika anajua. Muda mfupi kabla ya hapo nilimwona akiingiza namba za namna hiyo huku akizungumza na mteja, macho hayapo hata kwenye vidole. Basi kilichompata ni nini?

Tunapotaka kuhamisha namba kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, akili huishika kwa sekunde chache tu, kama unavyoishika namba ya simu kichwani hadi umalize kuibonyeza. Nafasi hiyo ni finyu. Mtu akitukanwa, sehemu ya nafasi hiyo inachukuliwa na mambo mengine: analipima tusi, anajizuia asijibu, anatazama kama kioo kitapigwa tena. Namba ya muamala inabaki na kaeneo kadogo, na tarakimu zinaanza kudondoka.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2007, Christine Porath na Amir Erez, nchini Marekani, waliwapa watu mafumbo ya maneno baada ya baadhi yao kutendewa kwa ukali. Waliotendewa hivyo walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao, na walikuwa wazito pia kumsaidia mtu mwingine. Mwaka 2012 Anat Rafaeli na wenzake, Israeli, walitazama wahudumu wa wateja wenyewe, wakaona kwamba lugha ya matusi kutoka kwa mteja hupunguza uwezo wa kukumbuka na wa kushika mambo kichwani. Utafiti ulionigusa kuliko yote ulichapishwa mwaka 2015, nao ulihusu madaktari na wauguzi wa watoto njiti, timu 24, wakiwa kwenye mazoezi ya kumhudumia mtoto ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya. Baadhi ya timu zilisemwa kwa dharau na mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu kutoka nje. Timu hizo zilitambua ugonjwa vibaya zaidi na zikafanya kazi ya mikono vibaya zaidi. Ikiwa maneno machache yanaweza kumyumbisha daktari aliyesomea kazi yake miaka mingi, msichana wa kaunta ya Kariakoo atasalimika vipi?

Na huyo msichana ana mzigo mwingine usioonekana. Hatakiwi kukasirika. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kuwa kutabasamu na kumeza hasira ni kazi kamili ndani ya ajira, inayochosha kama kazi ya mikono. Mimi nadhani ni kazi ngumu kuliko zote zinazofanywa pale dukani, na haiandikwi popote kwenye hati ya mshahara.

Turudi kwenye zile 180,000. Watu wengi huamini mhudumu ana kitufe cha kurudisha hela na anakibania. Hana. Hela ikishaingia kwa mtu mwingine inakuwa salio la mtu huyo, na wa kaunta haruhusiwi kulichomoa. Kwa kawaida anaandika ombi, kitengo kingine kinakagua, na kama hela bado ipo inazuiwa wakati mpokeaji akitafutwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni shughuli nyingine kabisa. Kwa hiyo anachohitaji kutoka kwako ni vitu vichache, upesi: namba ya muamala, saa uliyotuma, kiasi, namba uliyoikusudia na namba iliyopokea. Kila dakika unayoitumia kufoka ni dakika ambayo aliyepokea anaweza kuwa amesimama kwa wakala akitoa hela yako.

Foleni nayo ina hesabu yake, na kwa kweli inashangaza. Aliyeanza kuichambua ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Andiko lake la kwanza kuhusu mambo hayo lilitoka mwaka 1909. Chukua kaunta yenye mhudumu mmoja na wateja wanaofika bila mpangilio. Kila mteja anachukua wastani wa dakika 5, na mhudumu yuko kazini asilimia 80 ya muda. Wastani wa kusubiri ni dakika 20. Sasa kila mteja aongeze nusu dakika tu ya kulaumu. Kusubiri hakuongezeki kwa nusu dakika. Kunafika dakika 40. Mhudumu anapokaribia kutopumzika kabisa, kila sekunde inayoongezwa kwenye kaunta huwaangukia wote walio nyuma, wakiwemo wanaochungulia kutoka nje juani. Salamu ya sekunde tatu haina madhara hayo, hasa ikimwokoa mtu asiandike namba mara tatu.

Simaanishi ukubali kudhulumiwa kwa sababu dada ni mpole. Dai haki yako, tena kwa ukamilifu. Sema, "Naomba namba ya malalamiko, na uniambie nitapata jibu lini." Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Usiporidhika na majibu ya kampuni, malalamiko ya simu yanapelekwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Ya umeme na maji yanakwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Huko ndiko karatasi yako yenye namba na tarehe inakosema kwa niaba yako. Makelele uliyopiga kaunta hayaambatanishwi.

Baada ya yule baba kuondoka, akaitwa mama mmoja mwenye khanga begani na kikapu cha sokoni mkononi. Tatizo lake lilikuwa lilelile, hela kwenda kusiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi."

"Nishapoa, mama."

Nikamwona dada akivuta pumzi, mabega yakashuka. Mama akasema, "Hela yangu imepotea njia," akasogeza simu chini ya kioo ili namba isomwe moja kwa moja. Dada akaiandika mara moja, akaisoma kwa sauti, mama akaitikia kwa kichwa. Akampa karatasi yenye namba ya malalamiko. Mama alipokuwa ameshainua kikapu chake, dada akamwita.

"Mama, subiri kidogo. Una laini nyingine? Niandikie, wakikukosa kwenye hii wakupigie huko."

Yule baba alikuwa ameondoka na karatasi kama hiyohiyo. Swali hilo yeye hakuulizwa.