Jino la Kupandikiza Halipimwi Kama Nazi

Sokoni Mikindani, mnunuzi wa nazi huitikisa sikioni asikie maji yake, kisha huigonga kwa kifundo cha kidole, na wapo wanaodhani kwamba daktari wa meno naye hujua kwa namna hiyo iwapo jino la kupandikiza limeshika. Kugonga kumetumika kweli kwa miaka mingi, lakini sikio hutambua tu kipandikizi, yaani parafujo ya madini ya titani iliyotiwa mfupani kushikilia jino hilo, kilicholegea sana. Kile ambacho mfupa umekishika nusu huweza kutoa mlio ule ule wa kilichoshika barabara.

Dhana nzito zaidi, nayo hunisumbua kwa sababu humfanya mgonjwa atafune kabla ya wakati, ni kwamba kipandikizi kilichobana siku ya upasuaji kimekwisha kushika. Mbano wa siku hiyo ni wa parafujo ya titani na kuta za tundu la mfupani tu. Mwili huanza kuuondoa mfupa uliobanwa kabla haujajenga mpya wa kushikamana na titani, ndiyo maana uthabiti kwa kawaida hushuka kati ya wiki ya 2 na ya 4, wakati ambapo ufizi umepona na mgonjwa anajiona mzima. Kushikamana huko, alikokugundua Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 1965, huchukua miezi.

Picha ya eksirei huonyesha kimo cha mfupa, si nguvu ya mshiko wake.

Njia iliyo makini zaidi hupima mtetemo. Daktari hufunga kijiti kidogo chenye sumaku juu ya kipandikizi, akasogeza ncha ya kifaa bila kukigusa, na mapigo ya sumaku yakakitetemesha. Mshiko ukiwa imara masafa ya mtetemo (idadi ya mitetemo kwa sekunde) huwa ya juu, na kifaa huyageuza kuwa namba ya ISQ, yaani kipimo cha uthabiti wa kipandikizi, kuanzia 1 hadi 100. Kipimo hiki hakiumizi wala hakilegezi chochote, kinyume cha wanavyohofia wengine. Namba inayozidi 70 huhesabiwa kuwa ya juu na iliyo chini ya 60 kuwa ya chini, lakini si kweli kwamba namba moja yatosha: kilichosoma 62 siku ya kwanza na 70 baada ya miezi 3 kinaelekea pazuri, ilhali kilichoshuka kutoka 75 hadi 58 kinahitaji kuchunguzwa na kuepushwa na mzigo. Kwa hiyo mkazi wa Lindi aliyepandikizwa Dar es Salaam aombe vipimo vyote, vya kila upande na kila tarehe, viandikwe kwenye kadi yake, ili daktari atakayemwona baadaye karibu na nyumbani awe na cha kulinganisha.