Chuma cha nyota hakipungui usiku mmoja

Swali limerudi tena wiki hii, mara ya sijui ngapi. Kijana ana spektra mbili, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, za nyota moja ya RR Lyrae, aina ya nyota zinazovimba na kusinyaa; zimepishana saa chache tu. Kwenye ya kwanza mstari wa K, alama nyeusi ambapo kalsiamu imefyonza mwanga, ni mnene. Kwenye ya pili umebaki uzi. Ananiuliza, macho yakimng'aa: "Mwalimu, kalsiamu imekwenda wapi?"

Haijaenda popote! Mchuzi ukiwa wa moto sana chumvi huisikii vizuri. Ukipoa ndipo unapoanza kumlaumu mpishi. Nyota hizi zinapwita. Kwa nusu siku hivi zinatoka kama kelvini 6,000, zinapita 7,000, kisha zinarudi. Joto likipanda, kalsiamu iliyokwisha kupoteza elektroni moja inapoteza na ya pili, mstari wa K unafifia, huku mistari ya hidrojeni ikinenepa. Kiasi ni kilekile. Mwanaastronomia Cecilia Payne alishatuonyesha mwaka 1925 kwamba unene wa mistari hutawaliwa kwanza na joto, na bado tunalirudia kosa hilohilo.

Ndiyo maana njia ya Delta S ya mwanaastronomia George Preston, ya mwaka 1959, ya kukadiria metali za nyota (chuma, kalsiamu na kila kilicho kizito kuliko heli), inalinganisha hidrojeni na kalsiamu nyota ikiwa imefifia kabisa. Watu hushika fomula wakaruka sharti, kisha wanashangaa nyota moja ina viwango viwili vya metali.

Na hapa ndipo ninapokasirika. "Imefifia kabisa" si mapambo ya sentensi. Nyota inapoanza kung'aa, gesi ya juu bado inaanguka wakati ya chini imeshageuka kupanda. Zinagongana, hidrojeni inatoa mwanga badala ya kuufyonza, na mstari mmoja unaweza kugawanyika mara mbili. Kanuni zetu za angahewa iliyotulia hazijui lolote kuhusu vurugu hiyo. Nami nimewahi kujidanganya: nyota ilikuwa hafifu, nikaacha kamera wazi karibu saa nzima ili nipate mwanga wa kutosha. Mwanga niliupata. Ila nyota ilikuwa ikipanda, kasi ya gesi ikabadilika kwa makumi ya kilomita kwa sekunde kabla sijafunga, na mistari yote ya chuma ikapakaa kama wino uliomwagikiwa maji. Siku hizi napiga vipande vifupi, mistari ya kila kimoja naisogeza kufuata kasi ya gesi ya wakati huo, ndipo najumlisha.

Cha kuchekesha, walewale wanaoamini nyota moja hubadilika kemia kwa usiku mmoja ndio wanaoniambia nyota zote za fungunyota, yaani kundi la nyota zilizoshikana kwa mvutano wao, ni sawa, "pima moja inatosha". Jaribu fungunyota la Omega Centauri. Jioni za Mei, ukiwa Dar es Salaam, tazama kusini: ni kile kidoa cha ukungu kilicho juu kidogo, kushoto kwa Salibu, ule Msalaba wa Kusini. Kina RR Lyrae karibu 200, na chuma chao kinaanzia kama moja ya kumi ya kile cha Jua hadi kama moja ya mia. Huko ndiko kuna tofauti za kweli. Katikati yake nyota zimesongamana, mwanga wa jirani unaingia kwenye mwanya wa spektrografu, kifaa kinachopiga spektra. Hilo ni la siku nyingine.

Je, namba zangu za chuma ni safi? Si sana. Chuma kisichopoteza elektroni na kile kilichopoteza moja hunipa majibu mawili. Mimi huamini cha pili, kwa kuwa cha kwanza huvurugwa kirahisi na mionzi ya nyota yenyewe. Lakini kwenye nyota maskini wa metali mistari yake ni michache, wakati mwingine minne au mitano, na mmoja ukiwa mbovu unaivuta wastani yote.

Halafu kuna heli, ya pili kwa wingi baada ya hidrojeni. Kwa joto hili mistari yake haionekani, isipokuwa kwa muda mfupi wakati wa mgongano ule ule ninaowakataza wanafunzi wasiupime. Kwa hiyo kwenye jedwali langu safu ya heli ina namba niliyoikisia kabla sijafungua darubini.