Bibi, kinga yako imepanda tayari

Kwa mara nyingine wiki hii nimeombwa dawa ya "kupandisha kinga", na safari hii aliyeniomba alikuwa bibi wa Ngamiani, Tanga, ambaye ninamtibu baridi yabisi kwa mwaka wa tatu sasa. Alikuwa akinywa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo, miligramu 10 kila asubuhi. Jirani yake akamwambia kwamba dawa ile inaua kinga, naye akaiacha siku hiyohiyo na kununua unga wa mizizi sokoni. Siku ya tano aliletwa kwetu akitapika, shinikizo la damu limeshuka na sukari iko chini, na sauti yake haikurejea mpaka alipochomwa hidrokotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo.

"Mwanangu, mimi nilitaka kinga ipande tu," akaniambia.

"Bibi, kinga yako imepanda tayari. Ndiyo inayokula magoti yako."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania, na kwa kuwa nimeirudia kauli hiyo mara nyingi mno, heri niiandike.

Watu huzungumzia kinga kana kwamba ni maji ya tangi, ambayo yakijaa ni heri na yakipungua ni balaa. Sisi wa pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini jambo hilo, kwa maana hakuna nahodha anayetweka tanga zima wakati wa dhoruba kisha akajisifu kwa ukubwa wake. Homa, uvimbe, wekundu na maumivu ni kazi ya kinga yenyewe. Katika baridi yabisi kinga huvamia utando wa viungo pasipo mdudu yeyote wa kupigana naye. Katika pumu hufanya fujo ndani ya mirija ya hewa kwa sababu ya vumbi tu.

Mwili unaijua hatari hiyo, na umejiwekea dawa yake. Seli za kinga zinapochachamaa humwaga kemikali za ujumbe ziitwazo saitokini, kama vile interleukini-1 na interleukini-6, ambazo pamoja na kuita seli nyingine hupeleka habari kwenye ubongo. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa kotisoli. Homoni hii huingia ndani ya seli, hushikamana na kipokezi chake, kisha huenda hadi kwenye kiini na kuzima jeni zilizokuwa zikiagiza saitokini zaidi. Kwa hiyo mchochota wenyewe, yaani ule uvimbe na wekundu, ndio unaomwita wa kuutuliza.

Kotisoli ina saa zake pia. Huwa chini kabisa karibu na saa sita ya usiku na hufikia kilele kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya pumu ipende kubana usiku wa manane, na ndiyo sababu ninasisitiza kidonge kinywewe asubuhi, ili kifuate mwendo wa mwili.

Prednisoloni, basi, si mgeni mwilini. Ni nduguye kotisoli aliyetengenezwa kiwandani. Kotisoli ambayo mwili hutoa kwa siku ni sawa na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Ukinywa zaidi ya hapo kwa miezi, pituitari huona kuna akiba ya kutosha na kunyamaza, na tezi za adrenali zisizopewa kazi husinyaa. Ukiacha ghafla, cha kiwandani kimekwisha na cha mwilini hakijaamka. Bibi yangu hakuangushwa na sumu ya dawa, bali aliangushwa na pengo ililoliacha.

Najua swali linalofuata: je, dawa hiyo haishushi kinga? Hushusha, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu, na jirani alikuwa na nusu ya ukweli, ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko uongo mzima. Inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Inaweza kuwafungulia njia minyoo ya strongiloidi wasambae mwilini hadi kuua, na ndiyo maana mgonjwa aliye hatarini ninampa ivamektini kabla ya kumwanzishia dozi kubwa. Lakini tazama UVIKO-19: utafiti wa RECOVERY wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba deksamethasoni, ndugu mwingine wa kotisoli, miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa theluthi miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ilhali wasiohitaji oksijeni hawakunufaika. Dawa ni ileile na ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni hatua ambayo kinga ilikuwa imefikia.

Nakiri pia kwamba mimi mwenyewe ninapoiita kotisoli "breki" ninarahisisha kupita kiasi. Mfadhaiko wa muda mfupi, ambao huipandisha kotisoli, huzisogeza seli za kinga kuelekea ngozini, mahali ambapo jeraha lingeweza kutokea. Huko ni kujiandaa, si kuzima. Ratiba za kupunguza dozi nazo, ambazo vitabu huzipanga kwa unadhifu mkubwa, zimejengwa zaidi juu ya mazoea ya madaktari kuliko majaribio. Mimi humpunguzia bibi miligramu moja kwa mwezi, nikitazama magoti na shinikizo, na kuna miezi ninayolazimika kurudi nyuma.

Nilimwandikia kadi ndogo isemayo kwamba anatumia prednisoloni na asikatishwe ghafla, ili daktari yeyote atakayempokea ajue. Jumatatu alikuja nayo imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na nauli ya bajaji, akaniomba nyingine ampelekee jirani.