Sikio linalotoa usaha bila kuuma

"Daktari, wala halimuumi. Linatoka tu." Mama huyo kutoka Mbagala alikuja na mwanawe wa miaka sita na mfuko wenye chupa tatu tupu za dawa ya matone. Miezi mitano usaha ulikuwa haujakauka.

Hilo la kutouma ndilo lililonishtua. Sikio lililooza kwa kawaida humliza mtoto usiku, akipewa antibayotiki anapata nafuu. Nilipochungulia ndani, ngoma ya sikio ilikuwa na matundu mawili, na nyuma yake vinyama vilivyopauka. Nikamwambia mtoto atabasamu. Mdomo ulivutwa upande wa sikio zima. Jicho la upande mbovu likagoma kufumba.

Nikashuku TB ya sikio. Jina "kifua kikuu" linatuponza, tukadhani ni ugonjwa wa kifua tu. TB hufika sikioni kwa damu, au kwa mrija unaotoka nyuma ya pua, ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala. Kutoka hapo huingia mastoidi, ule mfupa ulio nyuma ya sikio, ikautafuna polepole. Neva inayoendesha uso inapita humo humo, na ubongo hauko mbali. Mara chache huota kwenye fuvu lenyewe: uvimbe laini usio na joto, watu wakadhani jipu.

Kupima usaha peke yake hakutoshi, kwa sababu vijidudu humo huwa vichache. Kinahitajika kipande cha kinyama kutoka sikioni. Na hapa nawasihi wenzangu: msikitumbukize chote kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama! Fomalini inaua vijidudu, maabara haitaotesha kitu. Kigaweni, sehemu iende kwa patholojia, ikaangaliwe kwa darubini, nyingine ibaki kwa GeneXpert, kipimo cha haraka cha vinasaba vya TB, na kuotesha.

Kisha ulizeni nani anakohoa nyumbani. Mama alifikiri kidogo: "Bibi yake. Tangu kabla ya Ramadhani." Mtoto analala naye kitanda kimoja. Chanjo ya BCG, ile ya TB, alipata, kovu lipo begani, ila haizuii kila kitu.

Dawa ni bure: aina nne kwa miezi miwili, kisha aina mbili. Mfupa ukiwa umeguswa, jumla ni miezi 12. Upasuaji tunaufanya pale penye mfupa uliokufa, jipu, au neva iliyobanwa.

Mwezi wa tatu sikio lilikuwa kavu na jicho linafumba. Usikivu umerudi nusu tu, na hilo linaniuma, maana miezi ile mitano ndiyo iliyoula. Bibi naye alipimwa, ameanza dozi.