Kabla ya kwenda Watamu, tazama mwezi

Saa nne u nusu asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa shemeji yangu, amesimama ufuoni Watamu, pwani ya Kenya, na watoto wawili waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea, baada ya usiku mzima ndani ya basi kutoka Nairobi. "Shemeji," akaniambia, "hii bahari yenu mmeipeleka wapi?" Mbele yake palikuwa na mchanga, mawe, nyasi za baharini zimelala chini kama nywele zilizolowa, na watu wakienda kwa miguu mpaka kwenye visiwa ambavyo yeye pichani aliviona vimezungukwa na maji ya samawati. Nikamuuliza mwezi wa jana usiku waliuonaje. Akasema ulikuwa mviringo, wa kupendeza, mpaka watoto waliupiga picha. "Basi shemeji, umeshajijibu. Ngojea saa kumi."

Kazi yangu ni matumbawe, wale viumbe wa baharini wanaojenga miamba. Nayapima, nayahesabu, na siku nyingine nawaongoza wageni wanaotaka kuyaona. Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: mwezi gani ni mzuri wa kwenda Watamu? Wanaouliza wana Agosti au Desemba akilini. Mimi huwajibu kwa ule mwezi mwingine, wa angani, kwa sababu pale huo ndio unaoamua kama utaogelea, utatembea, au utakaa mchangani ukikodolea macho madimbwi.

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilianzishwa 1968, pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Eneo lenyewe si kubwa, kama kilomita za mraba 10 tu. Ufuo umekatwa vipande vipande vya ghuba. Iko ya Watamu penyewe, iko wanayoiita Blue Lagoon, iko Turtle Bay, na kati yake zimechomoza rasi za mawe. Ukitazama mbali kidogo baharini utaona mstari mweupe wa povu. Hapo ndipo ulipo mwamba. Mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia pale, na maji yaliyobaki kati ya mwamba na mchanga ndiyo laguni yenyewe. Wavuvi hawana haja ya neno hilo. Wao husema "ndani" na "nje", na kila mtu akajua ni upande gani wa mwamba unaozungumziwa.

Vile visiwa vyenye umbo la uyoga, ambavyo kila mgeni hupiga picha, navyo ni matumbawe, ila ni ya kale. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na mwamba ukakua huko juu. Maji yaliposhuka, ukabaki mkavu. Sasa mawimbi na viumbe vitoboavyo mawe vinaula kwa chini, kwenye usawa wa maji, ndiyo maana juu ni pana na kiuno ni chembamba. Usipumzike kivulini chini yake, hata jua likiwa kali. Vipande huanguka.

Sasa maji yenyewe. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, tukapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto mmoja unaupunguza mwingine, tukapata maji mafu, na tofauti hushuka mpaka mita moja na kitu. Bamvua yenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, si usiku ule ule.

Jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi hiyo hiyo yamejaa, na alasiri ndiyo yanapwa, ila hayaendi mbali. Kwa hiyo huhitaji jedwali la kitaalamu. Mzee yeyote wa pwani anayefuata kalenda ya Kiislamu anaweza kukuambia. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 18 za mwezi mwandamo ni bamvua; karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu. Wavuvi wamepanga safari zao hivyo tangu zamani, na mimi mwenye vyeti vyangu nimeishia kupanga hivyo hivyo.

Ukishajua hayo, siku inajipanga. Siku ya bamvua, toka mapema. Panda boti saa tatu, uende kwenye bustani za matumbawe maji yakiwa yanashuka. Watu wengi hudhani maji yakiwa mengi ndiyo bora kwa kuzamia na miwani. Sivyo kwa laguni hii. Maji yakipungua, mgongo wa mwamba hujitokeza ukawa kama ukuta, mawimbi yakabaki nje, na ndani pakatulia kama sufuria iliyoepuliwa. Jua hufika chini, matumbawe yako karibu na macho yako, na mkondo hauna nguvu. Muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na muda kama huo baada yake, hapo ndipo penyewe. Maji yakijaa, mawimbi hupanda juu ya mwamba, mchanga unatifuka, na mtoto asiyezoea ataogopa.

Ukiwa majini, tafuta kwanza kikande. Ni samaki wa mdomo mgumu na meno makali, hana urembo wa wale wenzake wanaopigwa picha, lakini mimi humheshimu kuliko wote pale. Chakula chake ni nungu wa baharini, wale weusi wenye miiba mirefu. Nungu nao hukwangua mwamba usiku kucha wakitafuta mwani, na wakizidi huusaga mwamba wenyewe. Nje ya hifadhi, ambako kikande huingia ndoanani na mitegoni kwa urahisi, nungu hujaa mpaka huoni pa kuweka mguu. Ndani ya hifadhi, ambako uvuvi wote umekatazwa, ni wachache. Mtafiti Tim McClanahan na wenzake walilionyesha hilo kwenye miamba ya Kenya kwa miaka mingi ya kuhesabu, na ukitaka kuamini bila kusoma, zamia ndani siku moja na nje siku ya pili. Nisieleweke vibaya: wavuvi wa jadi wana eneo lao halali katika hifadhi tengefu inayoizunguka hii, na samaki wanaonenepa ndani hawaulizi mpaka uko wapi wanapotoka.

Kisha sikiliza. Ukitumbukiza masikio utasikia mlio kama wa mtu anayetafuna bisi. Huyo ni pono, anabambua matumbawe kwa mdomo wake wa kasuku, anameza, na anachokitoa nyuma ni mchanga mweupe. Sehemu ya ule ufuo uliotandikia taulo imepitia tumboni mwake. Watoto hulifurahia hili kuliko maelezo yangu mengine yote.

Matumbawe yenyewe hayako kama yalivyokuwa. Ndani ya nyama ya tumbawe hukaa vijimwani vidogo mno vinavyolilisha na kulipa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa, likabaki jeupe, na joto lisipopungua linakufa kwa njaa. Mwaka wa 1998, wakati wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya laguni za Kenya iliangamia hivyo, na joto la 2016 likaja juu ya kidonda ambacho hakijapona. Utaona mabonge makubwa ya mviringo yamesimama imara, kwa kuwa hayo ni magumu kufa, na yale ya matawi yakiwa machache. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu amesimama juu ya tumbawe kurekebisha miwani yake. Tawi linalovunjika kwa uzito wa mguu lilihitaji miaka kufika pale. Ukichoka, shika kamba ya boti au ulale chali uelee. Na boti ikianza kugawa mkate ili samaki wa milia waje wengi, kataa kwa upole. Mkate si chakula chao, na samaki aliyeshiba mkate haendi kufanya kazi yake mwambani.

Saa nne mpaka saa sita, maji yakiwa chini kabisa, ndio wakati wa kutembea. Vaa viatu vya plastiki vyenye kisigino kilichofungwa, si ndara. Kanyaga mchanga tu, uchungulie madimbwini. Utamwona kiti cha pweza mwenye umbo la nyota, jongoo bahari, mkunga mdogo, yule samaki mrefu kama nyoka, akitoa kichwa, na ukiwa na bahati pweza mwenyewe akibadilika rangi mbele yako. Usiokote kombe lolote. Sheria ya hifadhi inakataza, na isitoshe, koa wa zile kombe zenye umbo kama pia ya kuchezea hudunga kwa sumu inayoweza kuua. Ukichomwa na samaki anayejifanya jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, na uelekee hospitali. Maumivu hupungua kwa joto, si kwa barafu.

Kuogelea, sasa, ni saa tisa kuendelea. Shemeji yangu alingoja, akala samaki wa kupaka, akalala chini ya mwembe, na saa kumi watoto walikuwa wanapiga mbizi pale pale waliposimama asubuhi.

Mwezi wa kalenda nao una neno lake, sitaki kuupuuza kabisa. Kuanzia Oktoba mpaka Machi bahari hutulia na maji huwa angavu. Kusi, upepo utokao kusini, likivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, nje kuna mawimbi na nyasi za baharini hutupwa ufuoni kwa marundo. Watu wa hoteli huziita uchafu. Mimi naziita mbolea na chakula cha kaa. Lakini kusi hilo hilo ndilo msimu wa nyangumi, kuanzia Julai hivi hadi Septemba, wanapopita nje ya mwamba. Aprili na Mei, wakati wa masika, siku nyingi boti hazitoki. Na mtu akikuambia Malindi na Watamu ni kitu kimoja, mwulize kuhusu mto Sabaki. Mto huo humwaga udongo wa bara kaskazini mwa Malindi, na kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma tope husukumwa kusini mpaka ufuo wa Malindi ukawa wa kahawia. Watamu iko kama kilomita 25 mbele, na kwa kawaida tope huishiwa nguvu kabla ya kufika.

Kuhusu malipo sitakaa sana. Ada ya Shirika la Huduma za Wanyamapori hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti, na hubadilika, kwa hiyo itazame kabla hujaondoka. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Beba ya chuma. Bei ya boti patana ukiwa nchi kavu, na uulize kama ada ya hifadhi imo. Vijana wa ufukweni watakusalimia kwa Kiitaliano kwanza, usishangae, hapa kuna hata fungu la mchanga linaloitwa Sardegna Due. Wajibu kwa Kiswahili na bei itashuka kidogo.

Ukibahatika kulala usiku, zima taa za upande wa bahari. Kasa hutaga kwenye mchanga huu, na watoto wao wakitotolewa, baada ya kama miezi miwili, hufuata mwangaza wakidhani ni bahari. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza hapa 1997, hulinda viota na huwalipa wavuvi fidia ndogo wanapotoa taarifa ya kasa aliyenasa wavuni badala ya kumchinja. Kituo chao cha kuwatibu kasa kinatembelewa, nacho kinafaa hasa siku ya mvua.

Nimeiacha Mida mwisho kwa sababu ndiyo naipenda zaidi na ndiyo watu huiruka. Ni hori kubwa, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, limezungukwa na miti ya maji ya chumvi, mikoko, michu na mikandaa, na samaki wengi unaowaona mwambani walikulia humo kati ya mizizi. Siku ya bamvua, nenda saa nane na nusu. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kupita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege, na ada yake husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vya jirani. Tope litakuwa bado wazi. Kaa kimya. Utawaona ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, walao kaa. Hao huzaliana kwenye pwani za Uarabuni, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha hushuka huku kupitisha msimu wa kaskazi, kama majahazi ya zamani. Maji yakianza kuingia huwasukuma hatua kwa hatua kuja upande wako, wanakimbia kidogo, wanasimama, wanadona, mpaka unawaona bila darubini. Halafu tope linakwisha, na wote huruka pamoja. Wewe nawe una kama nusu saa ya kurudi ufuoni ukaogelee.