PSA 86: Mzee anauliza amebakiza miaka mingapi

Alikuwa ametoka Arua kwa basi la usiku. Akafungua kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki, akatandaza mezani karatasi tatu za maabara tatu, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: PSA 86. Kinyama kilichokatwa kwenye tezi dume kilikuwa kimeshathibitisha saratani, na picha zilionyesha imefika kwenye mifupa. "Daktari, usinifiche. Nimebakiza miaka mingapi?"

Wengi wanaokuja kwetu Kampala huamini jibu limo ndani ya namba kama hiyo. Halimo, au tuseme limo nusu tu.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, iwe nzima au ina saratani. Mpaka unaotumika mara nyingi ni nanogramu 4 kwa mililita, lakini tezi iliyotanuka kwa umri inaweza kuuvuka, na maambukizi ya njia ya mkojo vilevile. Hata mpira wa mkojo uliowekwa jana unatosha. Kwa mzee wetu 86 ilikuwa saratani kweli. Hata hivyo, namba ya siku ya kwanza husema zaidi ukubwa wa mzigo kuliko urefu wa safari.

Namba inayosema zaidi huja baadaye. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume ambao saratani yao ya tezi dume ilikuwa imesambaa mwilini. Walianzishiwa matibabu ya kuzima homoni ya kiume, kisha PSA ikaangaliwa baada ya miezi 7. Waliokuwa wameshuka hadi 0.2 au chini yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75. Walioishia kati ya 0.2 na 4, nusu yao walivuka miezi 44. Waliobaki juu ya 4, miezi 13. Ugonjwa uleule, matibabu yaleyale, ila damu ilishatenganisha njia zao mapema. Tangu hapo dawa zimeongezeka, kwa hiyo msiikariri hiyo miezi. Tazameni jinsi makundi yalivyopishana. Na katika kila kundi nusu nyingine walifariki kabla. Mtu mmoja aliyeketi kwenye benchi hawezi kuambiwa yuko nusu ipi.

Kwa watoto wetu kuna kipimo kingine, tena cha bei nafuu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaokua haraka ajabu, ambao leo unabeba jina lake. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Seli zake zikifa kwa wingi humwaga kwenye damu kimeng'enya kiitwacho LDH. LDH ikiwa juu sana, tunajua mzigo ni mkubwa, matibabu yatakuwa mazito, na figo za mtoto zinahitaji ulinzi wa maji mengi kabla dawa hazijaanza kuuvunja uvimbe.

Ila LDH ni mdakuzi asiyechagua nyumba. Imo karibu katika kila seli ya mwili, chembe nyekundu za damu zikiwemo. Mtoto mwenye malaria kali, ambayo huvunja chembe hizo, atakuwa na LDH ya juu bila uvimbe wowote. Na chupa ya damu iliyorushwarushwa kwenye boda kwenye barabara ya mashimo inaweza kuleta matatizo yaleyale. Huwa tunaigundua kwa macho kabla ya mashine: yale maji ya juu, ambayo yangepaswa kuwa na rangi ya chai nyepesi, yamekuwa mekundu. Sampuli hiyo tunaimwaga na kuomba nyingine. Mama hukasirika, "Mnamaliza damu ya mwanangu!" Namwelewa. Lakini namba chafu ikiingia kwenye faili, mtoto atahesabiwa kwenye kundi lisilo lake.

Kuna na kinyume chake. CA 19-9, kitu kinachopimwa kwenye damu kwa ajili ya saratani ya kongosho, hakitengenezwi kabisa na baadhi ya watu kwa sababu ya kundi lao la damu liitwalo Lewis, na watu hao ni wengi zaidi kati ya Waafrika. Kwao majibu mazuri hayana maana yoyote. Ndiyo maana nikiona mtu mzima asiyeumwa kitu analipia kifurushi cha "vipimo vyote vya kansa", natamani pesa hiyo angenunua matoke.

Turudi kwa mzee. Karatasi zake tatu zilisema 71, 86 na 94, na yeye alizisoma kama ngazi: napanda, nakwisha. Mashine tofauti hutoa majibu tofauti kwa damu ileile, kwa hiyo ngazi ile hatukuweza kuiamini. Nilimweleza tunachosubiri: aanze matibabu, asikose sindano hata moja, na turudi kupima baada ya muda. Hapo nitakuwa na la kumwambia kuhusu miaka.

Akazikunja karatasi kwa mpangilio wa tarehe, akazirudisha kwenye kavera.

"Na hicho kipimo naweza kufanyia Arua? Nauli ni kubwa."

"Unaweza, mzee. Ila kila mara iwe maabara hiyohiyo ya Arua."