Chumba cha michezo cha watoto wa mtaa: pesa ianzie sakafuni

Ikifika Oktoba, watu wa Tandahimba, Newala na Masasi, huku mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, wako mashambani wanaokota korosho. Watoto ambao hawajaanza shule ama hubebwa wakashinde chini ya mikorosho, ama huachiwa dada ambaye naye bado ni mtoto. Wazazi wanaochanga na kutenga chumba kimoja cha michezo wanafanya jambo la maana sana. Kinachowaangusha wengi ni mpangilio wa matumizi: michango huishia kwenye midoli na picha za ukutani, huku sakafu ikiwa na mashimo na chumba hakikaliki kwa joto ikifika saa tano asubuhi.

Chumba kinachotolewa bure mara nyingi ni stoo. Ulizeni kilihifadhi nini. Kama kiliwekwa salfa ya mikorosho (unga wa kupulizia ukungu) au viuatilifu vya maji, tafuteni kingine. Vumbi la salfa hujificha kwenye nyufa na juu ya kenchi, likidondoka huwasha macho na kukereketa kifua, na fagio huliamsha tu. Makopo ya viuatilifu nayo yasiguswe kabisa, hata yakioshwa mara kumi. Korosho ghafi zisitumike kuhesabia, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha watoto 12 kwa wakati mmoja, baada ya kutoa nafasi ya rafu na njia.

Sasa sakafu, maana mtoto mdogo hushinda juu yake. Kwa chumba hicho, sakafu ya saruji yenye unene wa sentimita 3 inahitaji mifuko 5 hivi ya kilo 50, kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni unapatikana bure Mikindani na Lindi mjini, lakini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu: sakafu haikauki sawasawa na mikeka inaota ukungu. Baada ya fundi kumaliza, mwagieni maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mkiruka hatua hii, sakafu hutoa unga na kuchimbika mapema. Juu yake tandikeni mikeka ya ukindu, na kila wiki itolewe juani. Zulia la ukuta kwa ukuta halifai kwetu pwani, kwani linabaki na unyevu na vumbi na haliwezi kuanikwa.

Joto linatoka kwenye bati. Acheni upenyo kati ya ukuta na paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea, na madirisha yatazamane. Upenyo na madirisha vyote vizibwe kwa wavu wa mbu, maana malaria huku kwetu haijatuacha. Kuta zipakwe chokaa, watoto waingie ikishakauka kabisa. Sehemu ya chini, hadi mita 1 kutoka sakafuni, ipakwe rangi nyeusi ya ubao ili wachore kwa chaki. Msisage betri kuukuu kupata weusi huo, kama ilivyozoeleka mahali pengi. Unga wake ni sumu kwa mtoto anayelamba vidole.

Rafu iwe na kimo cha sentimita 60, mtoto achukue na kurudisha mwenyewe. Mtoto ataipanda, hilo msilitilie shaka. Kwa hiyo ifungwe ukutani kwa skrubu, na kama ukuta ni wa fito na udongo, ifungwe kwenye nguzo, kwa sababu udongo haushiki skrubu. Mtu mzima aivute kwa nguvu kutoka juu. Ikitikisika, haijafungwa.

Kati ya vitu vya kuchezea, kama pesa inatosha kimoja tu, chagueni matofali ya mbao. Ubao mmoja wa inchi mbili kwa mbili wenye urefu wa futi 12 hutoa vipande 32: vifupi 12 vya sentimita 5, vya kati 12 vya sentimita 10, na virefu 8 vya sentimita 20. Hapa mafundi wengi hukosea. Mbao za sokoni mara nyingi hazifiki unene unaotajwa, kwa hiyo fundi apime kwanza. Akikuta ni sentimita 4.5, basi akate 4.5, 9 na 18. Viwili vifupi lazima vilingane na kimoja cha kati, na viwili vya kati vilingane na kirefu. Mtoto anayejenga daraja hugundua hesabu hiyo kwa mikono yake. Vipimo vikipishana hata kidogo, mnara unalala na yeye anaacha. Msinunue mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, kwa kuwa watoto hutia vitu mdomoni. Pigeni msasa namba 80, kisha 120, pembe zote zilainike, na msipake vanishi.

Vingine viko nyumbani: vifuu vilivyopigwa msasa ukingoni, kokwa kubwa za maembe zilizooshwa na kukaushwa, vipande vya kanga vya kujifunga. Kata tundu la duara lenye upana wa sentimita 4 kwenye kipande cha boksi. Kitu chochote kinachopita hapo, vizibo vya soda vikiwemo, kikae mbali na watoto chini ya miaka 3. Beseni la kuchezea maji lisizidi sentimita 5 za maji, mtu mzima asiondoke, na limwagwe mara mchezo unapoisha.

Toeni nusu ya vitu wachezee, nusu ifungiwe, mvibadilishe kila wiki mbili. Kila Ijumaa vya plastiki na mbao vioshwe kwa sabuni. Mtoto akiharisha, vya plastiki vilowekwe dakika 10 kwenye maji lita 1 yenye kijiko 1 cha chakula cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kisha visuuzwe.

Mkishaweka mlezi wa kulipwa na wazazi wakawaacha watoto hapo, hicho ni kituo cha kulelea watoto mchana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kisajiliwe. Mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, ili akague chumba mkiwa bado mnaweza kubadilisha mawazo.